Wifi Anakula Mwanga

Nyumbani kwetu kuna mawifi watatu, na ile ya intaneti siihesabu, kwa sababu haimalizi siku bila kukatika. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni mke wa mdogo wangu, maana wifi ni jina la kurudishiana: mimi namwita wifi, naye ananiita wifi, na ukisikia "wifi" inaitwa kutoka jikoni, ujue anayeitwa ni yule ambaye hayupo jikoni. Wa tatu ni kidude cheusi, kifupi, cha mviringo, chenye vioo ndani, kinachokaa kwenye mfuko wa ngozi chini ya kaunta ya studio. Wakati wa mambo haya ninayosimulia, huyo wa tatu nilikuwa simjui, na ndiyo maana nusura nihame nyumba.

Kwanza nijieleze. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji tangu ujana hadi kustaafu. Vitabu vya shule, kalenda, mialiko ya harusi, matangazo ya minada, kila kilichochapwa pale kilipita kwanza chini ya kalamu yangu nyekundu. Kazi ile inamharibu mtu. Mpaka leo siwezi kupita mbele ya kibao cha kinyozi bila kutafuta kosa, na mtu akizungumza nami, sikio moja linasikiliza habari na la pili linasikiliza sarufi. Isitoshe, nina mdomo. Marehemu mume wangu alizoea kusema kwamba kalamu niliiacha kazini, lakini wino nilikuja nao nyumbani.

Mume huyo alipofariki, mwenye nyumba tuliyopanga akaona huo ndio wakati mzuri wa kuitaka nyumba yake. Watoto hatukujaaliwa. Nilibaki na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wangu, kitindamimba wetu, niliyembeba mgongoni mpaka yeye mwenyewe akaanza kuona haya. Alikuja na gari la kukodi, akapakia kitanda changu na vitabu vyangu bila kuniuliza, akasema, "Dada, twende nyumbani." Sasa ni mtu mzima, ana kitambi na mvi za kidevuni, lakini mimi kwake ni dada. Akifurahi ni dada, akinuna ni dada. Jina jingine hanijui kwalo.

Yeye na mkewe ni wapiga picha. Studio yao iko mbele, inatazama barabara. Nyuma yake kuna sebule, kisha vyumba viwili, kisha korido nyembamba inayoishia jikoni. Mimi nilipewa chumba cha pili. Kina dirisha kubwa ambalo jua halilipigi moja kwa moja, ila mwanga wake unaingia kutwa nzima, mwororo, haupandi wala haushuki. "Hiki ndicho chenye hewa nzuri," mdogo wangu alisema. Siku ile ya kwanza niliona kwenye sakafu ya plastiki mabonyeo manne madogo yaliyokaa pembe nne, na ukutani mabaki ya gundi. Nikatandika zulia langu juu ya mabonyeo, nikaweka kitanda juu ya zulia, na dirishani nikatundika pazia langu zito la buluu. Mchana napenda kujinyoosha kidogo, na mwanga mwingi unanisumbua macho.

Katika kazi yao wamegawana dunia. Mdogo wangu anachukua ya mbali: mechi za mpira, mbio za shule, mtu aliyeko upande wa pili wa uwanja. Lenzi yake ni ya kuvuta, ndefu na nzito, anaibeba begani kama mtoto. Mkewe anachukua ya karibu. Pete za sonara, mbegu, stempu, wadudu, vitu ambavyo mimi bila miwani naviona kama uchafu tu, yeye na lenzi yake ya vitu vidogo anavitoa vikiwa na vinyweleo. Meza yake ya kazi ilikuwa koridoni, karibu na mlango wa jiko, chini ya taa ya kubana. Mimi niliamini ameiweka pale makusudi, aone ninakaanga nini na kwa mafuta kiasi gani.

Sisemi kwamba tuligombana. Tuliheshimiana, tena mno. Chai alinipa kwa mikono miwili. Nami nilimsifia mboga hata ikizidi chumvi. Ila hatukuwahi kukaa chini tukacheka pamoja hata mara moja, na nyumba ya watu watatu ambayo wawili hawacheki ni nyumba baridi, uifunge madirisha usiifunge.

Siku moja akapata kazi kubwa. Kituo cha utafiti wa mazao kilitaka picha za vidukari kwa ajili ya kijitabu cha wakulima. Vidukari ni wale wadudu wa kijani, wadogo kuliko punje ya ufuta, wanaojazana chini ya majani na kufyonza utomvu. Maelezo ya chini ya picha alitakiwa ayaandike yeye, akaniomba niyapitie. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Mstari wa kwanza tu: "Vidukari vinafyonza utomvu." Nikamkalisha. Nikamweleza kwamba neno linaweza kuvaa ki na vi mpaka likachoka, lakini chenye uhai kinakwenda kwa ngeli ya watu. Kidukari anafyonza, vidukari wanafyonza. Vinavyofyonza ni vitambaa na sponji.

Mdogo wangu alikuwa anapita na kikombe chake. Akauliza, "Na kitu kisicho na uhai, dada, ila watu wamekizoea mpaka wanakiita kama mtu?"

Nikamjibu kwamba huo ni utani, na mimi sifundishi utani. Wakatazamana yeye na mkewe, wakacheka. Nilijua wananicheka mimi, nikameza.

Sasa njoo siku yenyewe. Ilikuwa alasiri ya mechi, mdogo wangu yuko uwanjani, mimi niko jikoni nimechemsha chai. Nikamimina kikombe cha wifi yangu nimpelekee pale koridoni. Alikuwa ameinama juu ya jani, kibanio mkononi, simu ameiegemeza kwenye taa na sauti ameifungulia, maana mikono yote miwili ina kazi. Alikuwa amenipa mgongo. Kabla sijafika nikasikia sauti ya mdogo wangu, na nyuma yake kelele za watu.

"Wifi ananimaliza," alikuwa anasema. "Tangu aingie hapa katikati ni giza tupu. Anakula mwanga wote."

"Si nilikuambia?" mkewe akajibu bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye uliyemng'ang'ania."

"Nilidhani atanisaidia. Afadhali tumrudishe alikotoka."

"Usimrudishe bado, mimi bado nina kazi naye. Kazi ikiisha utaamua mwenyewe."

"Sawa, lakini mimi namtoa. Akibaki hapa kila kitu kitaharibika."

"Mtoe taratibu basi, asije akaumia."

Nikarudi jikoni kinyumenyume na kikombe changu. Nilikiweka mezani, nikakifunika kwa sahani.

Nilijipa nafasi moja, kama mtu muungwana. Nikasema labda wanazungumzia ile ya intaneti. Lakini ya intaneti ingekuwa inanimaliza, inakula, tuirudishe. Huyu ananimaliza, anakula, tumrudishe, asije akaumia. Niliyapitia maneno yao moja moja, kama nilivyokuwa nikipitia kurasa za mwisho kabla hazijakwenda kwenye mashine, na sikukuta kosa. Ngeli ya watu, mwanzo hadi mwisho, safi kabisa. Nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe.

Wala sikuhitaji kutafsiriwa yaliyobaki. Mwanga ni umeme, maana mimi husoma kitandani na taa yangu haizimwi mapema. Kazi naye ni kupika, kupokea wateja kaunta yeye akiwa hayupo, na hivyo vidukari vyake ninavyomsahihishia. Tena vyake, si wake, kwa hasira niliyokuwa nayo sarufi niliitupa. Kumbe nilikuwa kibarua, na kibarua kikiisha narudishwa nilikotoka. Nilikotoka wapi? Kwa mwenye nyumba?

Lakini lililonichoma kuliko yote halikuwa hilo. Ni kwamba mdogo wangu aliniita wifi. Mkewe kuniita hivyo ni haki yake. Yeye aliyenijua kwa harufu kabla hajanijua kwa sura, amehama upande wetu akaenda kusimama upande wa pili, ananiita kwa jina wanaloniita kule. Hapo machozi yalinitoka, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Nikaingia chumbani nikafungasha. Pa kwenda sikuwa napo. Kulikuwa na mwenzangu wa zamani kiwandani anayebanana na wajukuu katika vyumba viwili, nikasema potelea mbali, nitalala hata sakafuni, lakini sitangoja kutolewa taratibu nisije nikaumia. Nguo nikazikunja. Zulia ni langu, nikasukuma kitanda, nikalivuta, nikalikunja. Mabonyeo manne yakatokea tena pale sakafuni, nikayaruka. Pazia pia ni langu. Nilipolishusha, chumba kikajaa mwanga hata nikafumba macho.

Wifi yangu alikuwa anapita. Akasimama mlangoni. Akauliza kama nafua pazia, nikasema ndiyo. Hakunitazama mimi. Alikuwa anatazama dirisha, na ule mwanga uliolala sakafuni, akautazama kwa muda mrefu, midomo imefunguka kidogo. Nikajisemea, huyo, ameshaanza kupima chumba.

Nikamuuliza kwa sauti yangu ya ofisini, "Wifi, kazi yako na mimi itaisha lini?"

Akashtuka kama mtu aliyeamshwa. Akasema labda wiki ijayo, picha zikikubali, na kwamba hapendi kunichosha. Nikamwambia asijali, sichoki. Akaondoka, na mimi nikafunga zipu ya begi.

Mdogo wangu alirudi jua halijazama, shati limelowa jasho, mikoba ya kamera inaning'inia kila upande. Mimi niko sebuleni, nimekaa wima, begi miguuni, zulia na pazia vimefungwa kamba. Hakuyaona hayo. Alichomoa kitu kwenye mfuko wa ngozi, akakiweka mezani, akamwita mkewe kutoka koridoni. "Mchukue wifi yako," akasema. "Mimi nimemshindwa."

Nikasimama. "Huna haja ya kunikabidhi kwa mtu. Najiondoa mwenyewe. Na nitajitoa taratibu, msiwe na wasiwasi, sitaumia."

Hapo ndipo akaliona begi. Akaniangalia, akaliangalia begi, akamwangalia mkewe aliyekuwa ameshafika mlangoni. Akaniuliza ninakwenda wapi. Nami nikawarudishia maneno yao yote, moja baada ya jingine, giza tupu, anakula mwanga, tumrudishe alikotoka, bado nina kazi naye, na kila nilipofika kwenye a ya mtu niliibonyeza. Mkewe akaziba mdomo kwa kiganja.

Mdogo wangu akakiokota kile kidude pale mezani, akanishikisha. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana, baridi, kioo upande huu na kioo upande ule.

"Dada," akasema, "huyu ndiye wifi."

Akanieleza. Kidude hicho kinapachikwa katikati ya kamera na lenzi. Lenzi ikileta kitu kwa ukubwa fulani, hicho kinakikuza mara mbili, wewe ukiwa umesimama palepale. Bei yake ni mwanga: ukiingia wote, unaobaki ni robo. Walipokinunua kwa muuza kamera kuukuu, ambaye hupokea tena alichouza, mkewe aliona kinavyojipenyeza kati ya wawili waliokuwa wameshikamana vizuri, akasema huyu si ni wifi huyu, na jina likashika. Hiyo ilikuwa muda mrefu kabla mimi sijahamia. Nilipohamia wakaona aibu kulitamka mbele yangu.

"Sasa mimi nikuulize," mdogo wangu akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Mimi nimewahi kukuita wifi lini?"

Nilikaa tena kwenye kiti. Maneno yote yale niliyapitia, viambishi nilivihesabu, na neno lenyewe lililokuwa limekaa mahali pasipo pake nikaliona, nikalilia, lakini sikuliwekea alama. Msahihishaji mzima.

Yeye ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya begi langu. Mimi nikacheka kidogo, kicheko cha aibu, huku najifuta macho. Mkewe hakucheka. Alichukua kile kidude mikononi mwangu polepole, akasema, "Njoo nikuonyeshe wifi mwenyewe."

Nikamfuata koridoni. Aliipachika lenzi yake fupi kwenye kamera bila kile kidude, akaniambia nichungulie. Niliona jani, na juu yake vidukari kama mbegu zilizomwagika. Kisha akaitoa lenzi, akapachika kidude, akarudisha lenzi juu yake. Kila kimoja kiliingia kwa mlio mdogo. Akasema si kila lenzi inamkubali. Pua yake imetokeza mbele, na lenzi ambayo nyuma yake haina nafasi, ukimlazimisha vioo vinagusana na vyote viwili vinakwaruzika. Hii yake nafasi ipo. Nikachungulia tena, na kabla sijaona chochote nikauliza, "Mbona giza?"

"Ndicho anachokula," akasema.

Macho yalipozoea nikamwona kidukari mmoja, peke yake, amejaa tundu zima, na jicho lake jekundu lililogawanyika vipande vipande. Alikuwa amezamisha mrija wake ndani ya jani, na kweli alikuwa anafyonza. Wifi yangu aliongea taratibu pembeni yangu. Alisema kwake yeye kidude kile ni msaada, maana angetaka ukubwa huo kwa kusogea tu, lenzi ingekaribia mpaka kivuli chake kifunike jani na wadudu wakimbie. Kwa mumewe mambo ni tofauti. Lenzi ya kuvuta tangu mwanzo haina mwanga wa kutosha, ukiipunguzia tena inabaki inahangaika, inakwenda mbele na kurudi nyuma, mchezaji ameshafunga goli na yeye bado anamtafuta. Halafu kuna jambo jingine. "Huyu haongezi kitu ambacho hakipo," akasema. "Anakuza kilichopo. Lenzi ikiwa na kasoro, anaikuza na kasoro yake."

Nikamuuliza kwa nini asiongeze taa. Akasema taa ikisogea jani linanyauka kwa joto na vidukari wanashuka. Flashi nayo inawafanya wang'ae kama wamepakwa mafuta, kituo kimeshazirudisha picha hizo. "Kwa huyu kinachotakiwa ni mwanga mwingi usio na joto. Mwanga wa diri—"

Akajifanya anafuta kioo.

Nikainua uso kutoka kwenye kamera. Nikatazama chini, na sijui kwa nini nilitazama chini. Meza yake ina miguu minne ya chuma, myembamba, isiyo na viatu vya mpira. Chini ya kila mguu, plastiki ya korido ilikuwa imeanza kubonyea.

"Meza hii ilikuwa wapi kabla sijaja?" nikauliza.

"Hayo yameshapita, wifi."

"Ilikuwa wapi?"

Akakunja kile kitambaa cha kufutia mara mbili, mara nne. "Dirishani," akasema. "Chumbani kwako."

Kutoka sebuleni nilimsikia mdogo wangu akifungua kamba za zulia langu huku akiimba peke yake, hana hili wala lile. Nilikuwa nimelala juu ya mabonyeo yale muda wote huo. Nimeyafunika kwa zulia, na dirisha nimeliziba kwa pazia zito ili nipate usingizi wa mchana, na mwenye kazi yake amebanwa koridoni na taa inayonyausha majani, nami nikisema ananichungulia sufuria. Maneno ya simu hayakuwa yangu, lakini kama yangekuwa yangu, lipi lingekuwa la uongo? Niliona aibu kuliko ile ya sebuleni. Ile ya sebuleni ilikuwa ya kuchekesha.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza.

"Ningesema nini? Umefiwa, umetolewa nyumba, mumeo hajamaliza arobaini, halafu mimi nikuletee habari za dirisha?" Alikuwa anatazama kitambaa. Kisha akanitazama mimi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama bila adabu yoyote. "Chumba nilikitaka, wifi. Nimekitaka kila siku. Leo uliposhusha pazia nusura nilie. Lakini wewe sikutaka uondoke."

Nilimshika mkono, kibanio na kitambaa vikiwa humohumo. Nikamwambia kwamba mimi nina mdomo, lakini kumbe nyumba hii mwenye siri ni yeye, na siku nyingine nikikaa kwenye mwanga wake aniambie nisogee, asingoje nife. Akasema atasema. Kisha akacheka, na nilipomwona meno nikagundua kwamba nilikuwa siyajui.

Asubuhi tulihamisha vitu. Mdogo wangu alitaka kunipeleka chumbani kwao, wao walale sebuleni, nikamwambia aache ushujaa. Kitanda changu kilirudi ukutani, mbali na dirisha. Meza ikaingia, na miguu yake ilishuka kwenye mabonyeo yake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Lile pazia la buluu tulilitundika katikati ya chumba, kwenye waya, upande huu kitanda, upande ule kazi. Nikitaka kujinyoosha navuta pazia, giza ninalo. Naye mwanga anao wote.

Kazi ya kunipa nikajipa mwenyewe. Kadi kubwa nyeupe inashikwa upande wa pili wa jani ili mwanga wa dirisha urudi na kuondoa kivuli, na mkono wa mtu aliyezoea kushika karatasi bila kutikisika ulikuwa hauna kazi. Mdogo wangu naye siku hizi kidude hakigusi. Akitaka mchezaji mkubwa zaidi, anatoka jukwaani anasogea hadi mstari wa uwanja, na kitambi kinapungua kidogo kidogo.

Nilijaribu kuwarekebisha jina. Nikasema kitu kisicho na uhai kipewe haki yake: tukiite kikuzi, kinapachikwa, kinatolewa, kinakula mwanga, ugomvi uishe. Walijitahidi. Haikufika mchana mke wa mdogo wangu akasema, "Wifi, nipe wifi," nikampa, basi.

Wiki ile ya mwisho ya vidukari, tuko dirishani, yeye amechungulia, mimi nimeinua kadi, simu ikaita. Aliifungulia sauti akaiegemeza kwenye chupa ya maji. Kelele za uwanja zikajaa chumba. Mdogo wangu alitaka kujua kazi imefika wapi, na kama wifi anamsumbua.

Mkewe akanitupia jicho, na mimi nikajua kinachokuja.

"Wifi yupi?" akamuuliza. "Anayekula mwanga, au anayeushika?"

Kule uwanjani mtu alipuliza filimbi.

"Anayeula ni wifi," akasema. "Anayeushika ni dada."

Nikaiinua kadi juu kidogo, jicho la kidukari likapata mwanga, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kusahihisha.